Wenzake walirudi na redio, mjomba akarudi na daftari

Mjomba wangu alienda vita ya Amini, akakaa kule mpaka Kampala imeshachukuliwa, akarudi, akapewa nishani, na muda wote huo hakumpiga mtu risasi hata moja. Najua kuna atakayesoma hapa aseme basi huyo hakwenda vitani, alienda kutembea. Wajukuu zake wenyewe walikuwa wanamwambia hivyohivyo, kila ikifika tarehe 25 Julai TV inaonyesha viongozi wanaweka mkuki na ngao kwenye mnara wa mashujaa, basi wanamzunguka pale sebuleni Kirumba, babu uliua wangapi, babu ulikuwa na bunduki gani, na yeye anajibu lilelile, mimi nilikuwa nakamata. Ulikuwa unawakamata askari wa Amini? Hapana, nilikuwa nakamata wa kwetu. Hapo watoto wanaondoka zao, stori imeshaisha utamu.

Mimi naona utamu unaanzia hapo, ndo maana nimekaa kuandika.

Alikuwa polisi. Kijana wa Ukerewe, kapita Chuo cha Polisi Moshi mwanzoni mwa miaka ya 70, akapangiwa kituo kimojawapo hapa Mwanza, mtu wa lindo na kaunta na doria za usiku, mwembamba, anaandika mwandiko mzuri kuliko wakubwa wake na hilo (anasema mwenyewe) ndo lilimfanya awe anawekwa kwenye kuandika maelezo ya watuhumiwa wakati wenzake wanatumwa kufukuzana na wezi huko milimani. Vita ilipokuja hawakumpeleka mstari wa mbele. Yeye na askari wenzake kadhaa wakapewa kombati za jeshi na wakaambiwa kazi yenu ni ya MP, polisi wa jeshi, mtakaa nyuma ya wapiganaji muangalie barabara, mateka, na nidhamu. Wakacheka wakijua wamepata mteremko. Mjomba anasema walicheka mpaka Bukoba tu.

Kwa ambao hamkuwepo, au mlikuwepo ila shuleni mlisinzia. Mwishoni mwa Oktoba 1978 majeshi ya Idi Amini wa Uganda yaliingia Kagera, yakashika eneo lote la kaskazini mpaka kwenye mto, na mwanzoni mwa Novemba wakalilipua daraja la Kyaka. Mwalimu akatoa ile hotuba ya uwezo, sababu na nia ambayo kila mtu anaijua hata kama hajui vita yenyewe ilikuwaje. Watu waliuawa huko, raia wengi, wengine wakakimbia makwao, na ng'ombe walichukuliwa kwa maelfu wakavushwa mpaka, hata kiwanda cha sukari kikakombwa. Hiyo ya kukombwa muiweke akilini kwasababu ndo inayobeba haya mengine yote.

Kwetu Mwanza vita watu wanaikumbuka kwa masikio. Mama anasimulia walivyochimba handaki nyuma ya nyumba na bibi akagoma kuingia kwasababu alishaona nyoka mle, bora bomu. Uwanja wetu wa ndege ndo ulikuwa kituo cha ndege za kivita, kwahiyo ndege zinaruka na kutua na hakuna anayejua hii ni yetu au yao. Na siyo raia tu waliokuwa hawajui, kwasababu siku zilezile za mwanzo wa Novemba ndege tatu za kwetu wenyewe, MiG, zikiwa zinarudi Mwanza zilipita juu ya Musoma na vijana wetu wa mizinga ya kutungulia ndege wakazishusha zote tatu wakidhani ni za Amini. Tatu. Alafu mwishoni mwa Machi 1979 ndo likaja lile bomu la Saanane, ndege kubwa ya Walibya iliyotumwa kupiga matenki ya mafuta ya Mwanza ikakosa shabaha, mabomu yakaangukia kisiwani kwenye wanyama, mfanyakazi mmoja akaumia kidogo na wanyama kadhaa wakafa. Watu wa Mwanza tumelicheka hilo tukio miaka yote, eti Gaddafi kaja mpaka huku kumpiga swala. Ila ukizipanga hizo habari mbili pamoja, kwa hapa mjini adui alikosa na sisi wenyewe kwa wenyewe tukapatana. Mjomba hii hoja anaipenda sana, nadhani kwasababu inaeleza kazi yake bila yeye kujisifia.

Maana tuseme ukweli, jeshi lilijaa ghafla. JWTZ kabla ya vita lilikuwa halifiki watu 40,000, ndani ya miezi michache likavuka 150,000 kwa kuingiza mgambo, polisi, magereza na JKT. Hebu fikiria hiyo namba, vijana ambao mwezi juzi walikuwa wanapalilia pamba Magu au wanavua sato, leo ana SMG, ana risasi, ana njaa, kakatiza kijiji cha Kagera kilichochomwa akaona maiti za watu wasio na silaha, na sasa anavuka kuingia nchi ya yule aliyefanya hivyo. Nani atamwambia huyo kijana asiguse kitu?

Hapo ndo anatakiwa mtu wa kusimama barabarani na daftari.

Lakini kazi ya kwanza haikuwa wizi, ilikuwa trafiki. Wao walivushwa na meli usiku taa zimezimwa, wakashuka, wakapelekwa Kyaka, na pale mjomba aligundua kwamba vita kubwa ya kwanza ni foleni. Daraja lilishalipuliwa, wahandisi wa jeshi wakaweka la muda, na la muda halipitishi magari mawili kwa pamoja, kwahiyo upande huu kuna malori ya risasi, kuna mizinga, kuna gari la wagonjwa linataka kurudi, kuna lori la mikate (mikate! anasema ilikuwa imeshaota ukungu na bado iligombewa), mvua inanyesha, tope la Kagera lile jekundu linalovuta buti, na kila dereva ana bosi wake aliyemwambia wewe upite kwanza. Na anayeamua nani apite ni koplo au konstebo mmoja ana kibendera na filimbi.

Anakumbuka afisa mmoja, mtu wa nyota begani, alishuka kwenye gari akamwita mpumbavu mbele ya watu wote, akamuuliza unajua mimi ni nani. Mjomba akapiga saluti, akasema namjua afande, afande ni wa nne. Yaani wa nne kwenye foleni. Yule afisa akabaki kamtazama, alafu akarudi kwenye gari. Mjomba akisimulia hapa huwa anainuka kwenye kiti anaonyesha ile saluti, magoti yake siku hizi mabovu ila hapo anasimama.

Wanajeshi hawakuwapenda, na mnaelewa kwanini, hii ya polisi na wanajeshi kutazamana kwa jicho la pembeni haijaanza leo. Mpaka sasa ukiwa kwenye daladala trafiki akasimamisha gari akakuta kiti cha mbele kuna mwenye kombati utasikia sauti inavyobadilika. Sasa ongeza vita juu yake. Waliitwa raia wenye pingu. Waliambiwa rudini Mwanza mkakamate walevi. Mpiganaji anayetoka mbele, hajalala, kazika mwenzake jana, anafika kwenye kizuizi anaambiwa shuka tukague gari, na anayemwambia ni mtu mwenye buti safi. Mimi mwenyewe ningemchukia.

Sasa daftari.

Ni lile la jalada gumu jeusi mgongo mwekundu, aina iliyokuwa inatumika ofisini zamani, limeliwa na mende pembeni na lina doa kubwa la mafuta ya taa. Amelitunza kwenye tranka lake la bati, chini ya yunifomu ya mwisho na vyeti. Aliponionyesha mara ya kwanza nilitegemea shajara, unajua vile tunavyotaka, leo tumeshambuliwa, leo nimemkumbuka mama. Hamna. Ni orodha. Tarehe, saa, mahali, namba ya gari, kikosi, kitu kilichokamatwa, hali yake, sahihi. Ameandika vilevile kama alivyokuwa anaandika vielelezo pale kituoni Mwanza, kana kwamba kuna hakimu atakuja siku moja pale barabara ya Kyaka kwenda Mutukula aulize kielelezo namba tisa kiko wapi. Baiskeli 1 Raleigh, haina breki ya nyuma. Sufuria 3, kubwa moja ina tundu. Redio 1 ya mbao, kipaza kimechanika. Milango 2 ya mninga pamoja na bawaba zake. Saa ya ukutani, haifanyi kazi. Mbuzi 4, mmoja amekufa njiani.

Nilicheka kwenye mbuzi. Nikaacha kucheka kwenye ukurasa wa mbele yake.

Pale ameandika cherehani 1 ya mkono, Singer, gurudumu limepinda kidogo, ina uzi mweupe kwenye sindano. Na chini yake, kwa mwandiko uleule mzuri, gauni la mtoto la maua, mkono mmoja umeshonwa, mwingine bado. Nikamuuliza gauni limefikaje. Akasema lilikuwa palepale chini ya mguu wa cherehani, halijatolewa, aliyeichukua aliibeba hivyohivyo, mwenye nyumba aliinuka akakimbia katikati ya kushona.

Aliyeibeba alikuwa mtu wa kwao. Siyo Mtanzania tu, siyo mtu wa ziwa tu, Mkerewe, tena wa kijiji cha jirani, walijuana sura. Jamaa alikuwa nyuma ya lori limefunikwa turubai linarudi na majeruhi wawili, na cherehani imewekwa chini ya benchi imefunikwa blanketi. Alipomuona ni mjomba akafurahi, akaanza kumsemesha Kikerewe ili wengine wasielewe, kwamba hii ni ya mke wangu ndugu yangu, unamjua mke wangu, alikuwa anashona kwa mkono. Mjomba akamjibu Kiswahili. Akamwambia shusha. Jamaa akaendelea na Kikerewe, mjomba Kiswahili, shusha, mpaka jamaa naye akahamia Kiswahili na akawa anapiga kelele, wao wamechukua ng'ombe wetu, wameua watu wetu Kagera, wewe unanidai cherehani! Na wale majeruhi wamelala pale wanasikiliza. Mjomba akamwambia mwenye cherehani siye aliyechukua ng'ombe.

Ikashushwa.

Nimefikiria sana hilo jibu lake. Kwa hesabu ya kawaida yule jamaa alikuwa na hoja, na isitoshe ilikuwa hoja ya jeshi zima, kwasababu walipoiteka Mutukula Januari 1979 wapiganaji wetu waliisambaratisha, wakaisawazisha kwa hasira ya Kagera, na habari zilipomfikia Mwalimu alishtuka akaamuru raia na mali zao wasiguswe. Hiyo amri ndo karatasi aliyokuwa nayo mjomba mfukoni, kwa namna ya kusema. Lakini amri ikitoka Dar es Salaam inafika mbele imechoka. Masaka na Mbarara zilianguka Februari na zote zikabomolewa vibaya, sehemu kwa mizinga, sehemu kwa kisasi, na hapo amri ilishakuwepo. Na Kampala ilipotekwa tarehe 11 Aprili watu wa mji wenyewe waliingia madukani wakakomba, na baadhi ya askari wetu nao wakaingia humohumo. Kwahiyo nisije nikawadanganya kwamba polisi wachache wenye madaftari walizuia kitu. Hawakuzuia. Walipunguza mahali walipokuwepo, saa walizokuwepo, basi.

Ila jeshi letu lilikuwa na sababu yake ya kujali. JWTZ ilizaliwa tarehe 1 Septemba 1964 baada ya lile jeshi la kurithi kwa mkoloni kuasi mwezi Januari mwaka huohuo, na serikali ikaliita jipya Jeshi la Wananchi makusudi. Mwalimu alishaona askari wenye bunduki wasiosikia mtu wanafananaje. Na upande wa pili wa mpaka alikuwa anatazama mfano mwingine kila siku kwa miaka minane.

Kuna jambo moja ambalo mjomba halisemi, na nalileta mimi kwasababu yeye hawezi. Alikuwa polisi Mwanza mwaka 1976. Wakubwa mnajua ninachozungumzia. Kulikuwa na mauaji ya vikongwe na watu waliotuhumiwa uchawi, Mwanza na Shinyanga, serikali ikataka yakomeshwe haraka, watu wakakamatwa kwa mamia, wakateswa ili waseme, na baadhi wakafia mikononi mwa vyombo vya dola. Ilipojulikana, mwanzoni mwa 1977 mawaziri wakajiuzulu, mmojawapo mzee Mwinyi, aliyekuwa Mambo ya Ndani, ambaye hakumpiga mtu yeyote kibao lakini alisema hii ni wizara yangu, akaondoka. Sifa ya Mwinyi inaanzia pale. Sifa ya polisi wa kanda yetu, hiyo ilibaki imelala chini.

Nilimuuliza mjomba mara moja tu. Akasema yeye kituo chake hakikuhusika na akanyamaza, alafu baada ya muda akaongeza, siku zile ukipita sokoni na yunifomu watu wanakupisha, na unajua kabisa siyo heshima. Basi. Akaomba chai.

Sasa mimi siwezi kusema yale ndo yalimfanya awe alivyokuwa kule Uganda. Naweza kusema tu kilichopo kwenye daftari. Kurasa za mateka zina safu moja ambayo kwenye vitu haipo, safu ya hali ya mwili. Ameandika amepokelewa ana jeraha la zamani gotini. Amepokelewa hana jeraha. Amekabidhiwa hana jeraha. Kila mateka aliyepita mikononi mwake ameandikwa mara mbili, anapoingia na anapotoka, na aliyempokea kasaini kwamba kampokea akiwa mzima. Hakuna aliyemwambia aongeze hiyo safu, nilimuuliza, akasema aliichora mwenyewe kwa rula. Kuna askari wetu walikuwa wanakuja usiku kwenye kibanda cha mateka, walevi au wana uchungu tu, wanataka waachiwe mmoja dakika tano. Mjomba anawaambia sawa, saini hapa kwamba umemchukua mzima. Wanaondoka.

Hiyo mimi kwangu ni ushujaa kamili. Wala sioni sababu ya kuupima na wa aliyeingia Lukaya au Entebbe, hao wana heshima yao na waliolala kwenye makaburi ya mashujaa Kaboya wana zaidi. Jenerali Musuguri, mmoja wa makamanda wetu wa vita ile, alipofariki Oktoba 2024 akiwa na miaka 104, mjomba alivaa koti akakaa mbele ya TV siku nzima, hataki mtu abadilishe chaneli. Anawaheshimu wapiganaji kuliko wanavyomheshimu yeye. Ninachogomba mimi ni kwamba stori za vita tunazowasimulia watoto zote ni za bunduki inayotazama mbele, na kijana anakua akijua ushujaa una mwelekeo mmoja, adui yuko kule, piga. Wa kusimama kumtazama wa kwako, mwenye lugha yako, mwenye mke unayemjua, ukamwambia shusha, huyo hana hata wimbo.

Alirudi Mwanza baada ya wengi kurudi, kwasababu Tanzania ilibaki kule kulinda usalama na polisi walihitajika kuliko wapiganaji. Mtaa mzima ulishazoea kupokea watu kwa vigelegele. Na waliorudi, tuseme tu, wengine walirudi na vitu. Redio za kaseti, saa, vitambaa. Mjomba akashuka na tranka lake la bati, mkewe akalifungua mbele ya majirani, ndani kuna kombati mbili, sabuni na daftari. Mkewe hajasahau mpaka leo. Ukienda pale nyumbani wakikosana kidogo, hata kama ni ishu ya umeme wa LUKU, utasikia, wenzio walirudi na redio wewe ukarudi na daftari. Anasema kwa kucheka ila siyo kucheka kote, maana uelewe huo mwaka, Mwalimu alishatangaza tufunge mkanda miezi 18 na mkanda ukafungwa ukapotelea kiunoni, sukari foleni, sabuni foleni, kanga foleni, na jirani yako ana redio inaimba dirishani. Mama wa watu alikuwa na watoto wanne wasio na viatu na mume mwaminifu. Nani wa kumlaumu?

Na vilivyorudi havikuwa redio tu. Bunduki nazo zilirudi, na miaka ya mwanzo ya 80 kanda hii iliumia, wizi wa ng'ombe wa kutumia silaha, uvamizi, mpaka Wasukuma na Wanyamwezi wakaanzisha sungusungu huko Kahama na kwingine, filimbi na pinde, kwasababu polisi hawatoshi na wengine hawaaminiki. Mjomba alikuwa mmoja wa hao polisi wasiotosha. Anasema alikuwa anakutana na silaha kwenye kesi anajua kabisa imepita wapi kuja huku, na kwenye moyo wake anajiuliza ilipita kwenye zamu ya nani.

Nishani ya vita alipewa kama wengine waliokwenda. Utepe umefifia, anaivaa mara chache. Ya utumishi mrefu na tabia njema alipata baadaye sana na hiyo ndo anajivunia, anasema ile ya vita ni ya miezi, hii nyingine jaribu wewe kukaa polisi miaka yote ile na tabia njema uone.

Yule jamaa wa cherehani alirudi Ukerewe salama. Miaka yote wakikutana kwenye meli ya Nansio kila mtu alikaa upande wake, salamu ya kichwa tu. Jamaa alipofariki, mjomba alienda msibani, akakaa na wanaume wa mbali nyuma ya turubai, akatoa rambirambi, akarudi na meli ya mchana. Nilimuuliza kama mjane alimjua. Alinijua, akasema.

Lakini kinachonisumbua mimi siyo hicho. Ni ile safu ya mwisho kwenye daftari, ya makabidhiano. Kila baada ya siku kadhaa vitu vilikuwa vinapakiwa kwenye lori vinapelekwa stoo, mtu anasaini, mzigo unaondoka. Sahihi zipo, nyingine za kusomeka, nyingine mkunjo tu. Baada ya hapo mjomba hajui. Cherehani ilirudishwa Uganda? Iliuzwa? Ilikaa kwenye stoo mpaka ikashika kutu, au kuna mkubwa fulani ambaye mke wake alianza kushona mwaka 1979? Nikimbana anasema mimi nilipokea, nikaandika, nikakabidhi, nikasainiwa. Nikamwambia mjomba, inawezekana ulimnyang'anya koplo ukampelekea kanali. Alikaa kimya nikajua nimevuka mpaka. Alafu akasema inawezekana, ndo maana sahihi nimezitunza.

Sasa nina ombi. Wengi mnaosoma hapa mna wazee wenu, Bukoba, Muleba, Musoma, Sengerema, na mmoja wao lazima alikuwa mtunza stoo au dereva au karani upande ule mwaka 1979. Msiwaulize waliua wangapi. Waulizeni vile vitu vilivyokuwa vinapakiwa kutoka barabara ya Mutukula vilishushwa wapi, na nani alivipokea, na kama alisaini.